Duka la Pinde la Kihesa na Jibu Nililolichelewesha

Nyinyi vijana mnaonunua makava ya simu pale Kihesa, kwenye lile duka lenye taa za bluu zinazowaka hata mchana, naomba niwaambie mahali mnaposimama. Pale mnapoegemeza viwiko mkichagua kava lenye picha ya simba ndipo lilipokuwa benchi langu. Nimekaa hapo miaka ishirini na tisa nikibandika manyoya kwenye mishale. Kabla ya makava palikuwa na duka la pinde la Mzee Kikoti na mkewe, Mama Lugano, na watu walikuwa wakilifuata kutoka Mgololo mpaka Mbalizi kule Mbeya. Wengi mmeniuliza lilikwenda wapi, na mimi huwa najifanya nina haraka ya kwenda kupika. Leo nitasema. Jibu lenyewe linanihusu, wala halinipendezi, kwa hiyo mtanivumilia nikilifikia kwa mwendo wa magoti yangu.

Kwanza niondoe wasiwasi wenu. Najua mtu akisikia mwanamke ametengeneza mishale karibu miaka thelathini anafikiri ameolewa na mchawi au jangili. Hapana. Wateja wetu walikuwa walinzi wa maghala ya mbao, wakulima waliochoshwa na ngedere kwenye mahindi, vikundi vya ngoma, na shule zilizokuwa na mchezo wa shabaha. Siku hizi walinzi wana redio na sare zenye mifuko mingi, na ngedere wamejizoesha kelele za kila aina. Lakini wakati ule mlinzi asiye na upinde wa Kikoti alionekana kama mwalimu asiye na chaki.

Mimi nilifika pale nikitokea Mgololo, nilikokuwa nikihudumia miche kwenye kitalu cha miti. Nilijiona mtu wa miti kwelikweli. Nikamwambia Mzee Kikoti siku ya kwanza, kifua mbele, kwamba miti naijua toka ikiwa mbegu. Akanitazama, mzee mrefu mkavu mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, akasema, "Vizuri. Basi kaa hapo, usiguse kitu."

Mtu wa miti akaambiwa asiguse kitu. Nilikaa siku tatu. Siku ya nne yeye na mkewe walikwenda msibani, nikabaki peke yangu, na nikaona nafasi yangu ya kujionyesha imefika. Duka lilikuwa chafu. Juu ya dari kulikuwa na fito za mti wa mkole zaidi ya arobaini zikikauka kwa moshi wa jiko, na kila fito ilikuwa na doa jeusi kwenye ncha moja. Nikazishusha zote. Nikachukua kitambaa, maji na sabuni ya mche, nikasugua moja moja mpaka doa la mwisho likatoka. Nikazirudisha darini zimepangwa kama mishumaa ya altare, nikakaa kusubiri sifa.

Mzee aliingia, akainua macho, akasimama vile vile. Kisha akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akavua kofia. Mama Lugano ndiye aliyeniuliza. Yeye alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mfupi, mnene wa mikono, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali akiwa tayari ameshaanza kucheka.

"We mama, zile alama nyeusi umepeleka wapi?"

"Nimezisafisha, mama. Zilikuwa uchafu wa mkaa."

"Tata! Umesafisha zote?"

"Zote."

Akacheka mpaka akashika ukuta.

Sasa nanyi mjue, msije mkamaliza mtaji wa mtu kwa usafi. Mzee Kikoti alikuwa na sharti lake moja ambalo sijaona fundi mwingine akilishika kwa ukali ule: mti ulivyosimama porini, ndivyo usimame mkononi. Upande wa shina uwe mkono wa chini wa upinde, upande wa kilele uwe mkono wa juu. Alisema upinde uliogeuzwa ni mtu aliyesimamishwa kwa kichwa, utafanya kazi leo na kesho, kesho kutwa utachoka na kuvunjika. Sasa fito ikishamenywa maganda na kukauka, kichwa na miguu havijulikani kwa macho. Ndiyo maana kila alipokata mti, kabla hata hajafuta jasho, alipaka mkaa kwenye ncha ya shina. Kazi ya miezi minane, mimi nimeifuta kwa sabuni asubuhi moja.

Hakunifukuza. Kesho yake tulipakia fito zote kwenye mkokoteni tukateremka nazo mpaka mto Ruaha Mdogo, mahali maji yametulia. Mzee akakunja suruali, akaingia, akalaza fito ya kwanza juu ya maji. Tukangoja. Polepole ncha moja ikazama kidogo, nyingine ikainuka. "Inayozama ndiyo shina," akasema. "Paka mkaa." Nikapaka. Fito ya pili. Ya tatu. Tulikuwa na zaidi ya arobaini, na maji ya Iringa mwezi wa sita hayana urafiki na mtu. Mama mmoja aliyekuwa akifua akashindwa kuvumilia.

"Kamwene, Mzee Kikoti! Siku hizi Walutheri mnabatiza mpaka miti?"

Mzee akamjibu bila kugeuka, "Hii ilishabatizwa. Huyu mama hapa ndiye anarudia mafundisho."

Habari ilifika Kihesa kabla yetu. Kwa mwaka mzima sokoni niliitwa Mama Sabuni, na jina langu la Mama Zawadi lilirudi pole pole kama mtu aliyetoka kuugua.

Baada ya hapo nilipewa manyoya, kwa sababu manyoya hayawezi kuharibiwa kwa usafi. Nilithibitisha kwamba yanaweza kuharibiwa kwa njia nyingine. Mama Lugano alinifundisha: mshale mmoja manyoya matatu, na yote yatoke bawa la upande mmoja. Manyoya ya bawa la kulia yanajikunja huku, ya kushoto yanajikunja kule. Ukiyachanganya kwenye mshale mmoja, mshale unakwenda ukitikisika kama mlevi anayetafuta mlango. Alisema, "Usichanganye kulia na kushoto," akaenda zake. Mimi nikaelewa kwamba ya kushoto ni mabaya. Mwezi mzima nilichambua mabawa ya kanga na kuku, ya kulia nikaweka kwenye boksi, ya kushoto nikawashia jiko. Mpaka siku aliyosikia harufu.

"Mama Zawadi, kwani kuku wa kwenu Mgololo wanaruka na bawa moja?"

Ndivyo alivyofundisha. Hakugombeza hata siku moja, lakini ukikosea kitu mbele yake utakikumbuka mpaka kaburini. Kuanzia siku ile Krismasi na Pasaka zote nilizunguka nyumba za watu kuomba mabawa. Wenzangu walikuwa wakiulizana nani amepewa paja, mimi nilisimama mlango wa jikoni na mfuko wa rambo, mkononi manyoya yanapepea. Wanangu waliona aibu sana. Sasa wao wana kazi mjini, na mmoja bado akiona kanga anageuza uso.

Nitawaambia na namna duka lilivyouza, maana ndipo nyinyi mtakaposhangaa. Leo mnapiga picha kitu, mnatuma namba, kesho kimefika na basi. Kwa Kikoti hukununua upinde siku uliyoutaka. Ulikuja, ukasalimia, ukakaa. Mama Lugano akakupima kwa uzi toka ncha ya kidole mpaka kidevuni. Kisha akakupa upinde wa duka uvute mbele yake, bila mshale, na kuurudisha taratibu. Hakutazama mikono yako hata kidogo. Alitazama shingo. Mishipa ya shingo ikisimama, upinde huo si wako, hata ungelia. Wanaume wengi waliondoka pale wamenuna kwa sababu walitaka upinde mkubwa kuliko wa jirani na wakapewa mdogo.

Alikuja mlinzi mmoja wa ghala la mbao, mtu wa kifua, sauti ikitangulia mlangoni. Akavuta upinde wa kwanza mpaka mwisho, mishipa ikamtoka kama mizizi. Mama Lugano akamnyang'anya akampa mwepesi.

"Huu ni wa watoto," akasema yule mlinzi.

"Ndiyo," akasema Mama Lugano. "Njoo uone mtoto."

Wakaenda nyuma ya duka, kulikokuwa na gunia la maganda ya mahindi tulilolifanya shabaha. Mama Lugano akajifunga kanga vizuri, akapiga mishale mitatu. Yote mitatu ungeweza kuifunika kwa kiganja. Jamaa akapiga mitatu kwa ule mzito aliouchagua. Mmoja ulipata gunia, wa pili ukapata ukuta, wa tatu mpaka leo hatujui. Akachukua mwepesi, na baadaye akaja kushukuru na debe la viazi.

Sharti la mwisho mtalijua wale mliofundishwa na mimi mafundisho ya ubarikio kanisani, maana huwa nalitolea mfano: usiachie upote bila mshale. Upote ndiyo kamba ya upinde. Ukivuta na kuachia mtupu, nguvu yote iliyopaswa kwenda na mshale inarudi kwenye mti, na mti unapasuka. Siku moja shule fulani ilitualika kwenye sherehe, mgeni rasmi akaona pinde zetu mezani, akachukua mmoja mpya, akavuta kwa mbwembwe huku anapigwa picha, akaachia. Ukalia paa! Ukabaki vipande viwili mkononi mwake. Watu wakapiga makofi wakidhani ndiyo ufunguzi. Mzee Kikoti naye akapiga makofi, uso mkavu. Alirudi na vile vipande akavitundika ukutani dukani, kwa sababu pale kila upinde uliovunjika ulitundikwa juu ya kiti cha aliyehusika. Juu ya kiti changu zilikuwa pinde saba. Mgeni rasmi hakuwa na kiti, akatundikwa juu ya mlango.

Hizo saba zinanileta kwenye jambo lenyewe.

Miaka kumi na moja nilibandika manyoya tu. Kutengeneza upinde wenyewe ilikuwa kazi ya Mzee. Kisha akaanza kunifundisha kusawazisha, na hiyo ndiyo kazi inayotenganisha fundi na mkata kuni. Unautundika upinde kwenye msumari ukutani, unavuta upote chini kidogo kidogo, unarudi nyuma hatua tatu, unatazama mikono miwili inavyopinda. Mmoja ukiwa mgumu unaukwangua kwa kisu, nyembamba kama ganda la kitunguu, unautundika tena. Ukikwangua sana umekwisha, huwezi kuurudishia mti nyama yake. Mzee alikuwa akisimama nyuma yangu, anapumua tu. Nikisikia pumzi imesimama, najua nimezidisha. Hizo saba zilivunjika hivyo, pumzi yake ikisimama sekunde moja baada ya kisu changu kupita.

Mwishowe nikaweza. Siwapi hadithi ya unyenyekevu hapa, niliweza vizuri. Wateja wa Mbeya walipoanza kuagiza kwa simu, na Mama Lugano akawa anawaamuru wajipime kwa uzi na kumtumia video ya shingo zao, ndiyo nyinyi mnacheka lakini ni kweli, nusu ya pinde zilizokwenda kule ni kazi ya mikono yangu. Wazee wakawa wanachoka. Mzee mikono ilianza kutetemeka. Mama Lugano presha. Mtoto wao pekee, Lugano, ana kazi ofisini Mbeya, mtu mzuri, mpole, ila mbao anayoijua ni meza.

Wiki moja kabla ya siku ninayotaka kuwaambia, nilikuwa nimemaliza upinde wa mwalimu wa ngoma. Niliridhika nao. Mteja akiwa amesimama pale pale, Mzee akauchukua, akautundika, akarudi nyuma hatua tatu, akachukua kisu na kuukwangua mkono wa chini mara mbili. Mara mbili tu, vumbi hata halikuonekana. Mteja akanitazama. Nikainama kukusanya manyoya. Lakini nilikuwa na miaka sitini na moja, nina wajukuu wanne, na niliumia kama mtoto aliyefutiwa hesabu ubaoni.

Ndipo wiki iliyofuata wakaniita jioni tulipofunga, wote wawili. Chai ya maziwa, viazi vya kuchemsha, kitambaa kwenye meza. Nikajua kuna jambo.

"Mama Zawadi," akasema Mzee, "sisi tumechoka. Lugano hii duka haitaki. Tunataka uichukue wewe. Sisi tutakuwepo, tutakaa hapo tunakusumbua, lakini iwe yako."

Vijana, hicho ndicho kitu nilichokitaka toka siku ya sabuni. Nilikitaka kiasi kwamba nilikuwa nimeshawahi kuota namna nitakavyopanga rafu. Na mnajua nilijibu nini? Nilifuta mdomo, nikasema kwa sauti ya mtu mkubwa, "Nashukuru sana, wazazi wangu. Lakini ngojeni kwanza nipumzike."

Sikuwa nimechoka. Magoti yalikuwa yakiuma, kweli, ila magoti hayakatai duka. Nilikuwa nimenuna. Nilitaka Mzee aseme kwamba ule upinde ulikuwa sawa kabla hajaukwangua. Nilitaka nibembelezwe, angalau mara moja zaidi, ili na mimi nionekane.

Mama Lugano alinitazama muda. Safari hii hakucheka. Akasema, "Pumzika, mwanangu. Lakini usipumzike sana."

Nikapumzika. Nililima njegere. Nikaenda Makambako kwa mwanangu wiki tatu zikawa miezi miwili. Jumapili tulikuwa tukikutana kanisani, tunashikana mikono, habari za nyumbani, nzuri, za magoti, yapo. Hakuna aliyetaja duka. Wao walikuwa wakingoja jibu langu kwa heshima, kwa sababu kwao mtu akisema ngoja, unangoja. Mimi nilikuwa nikingoja niombwe mara ya pili. Tulingojana hivyo karibu mwaka mzima, watu watatu wenye akili timamu, na wateja wakikuta mlango umefungwa siku mbili, siku nne, wiki.

Mama Lugano alifariki mwezi wa tano, kabla ya baridi kali. Alikuwa amelala siku mbili tu. Nilipika msibani, nikaimba na wenzangu, nikazika, na muda wote nilikuwa nikijisemea: Jumatatu nitakwenda, nitamwambia Mzee ndiyo. Jumatatu ikawa wiki. Nikaenda.

Alikuwa amekaa ndani ya duka, mlango umefunguliwa nusu, kofia kichwani, mikono magotini. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Niliisema yote nimesimama: kwamba nimepumzika, kwamba nipo tayari, kwamba nitaanza kesho hata leo, kwamba anisamehe kwa kuchelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, lile tabasamu lake la upande mmoja.

"Umepumzika vizuri?"

"Ndiyo, baba."

"Njegere zimekubali?"

"Zimekubali."

"Nimeshampa Lugano funguo, mama. Juzi. Ana mpangaji tayari." Akarekebisha kofia. "Nilidhani hukutaka, ukaona aibu kutuambia. Tuliongea sana na mwenzangu. Yeye alisema utakuja. Kila gari likisimama hapo nje anasema, huyo."

Nikakaa chini. Nikamuuliza swali la kitoto, kwa nini hawakuniita tena, Kihesa nzima si mbali, wangetuma hata mtu.

"Wewe ulisema tungoje," akasema. "Tungekuita, ingekuwa tumekulazimisha."

Nikamwambia basi kuhusu ule upinde wa mwalimu wa ngoma. Nilimwambia kila kitu, kununa kwangu kote, na machozi yakaja, si kidogo. Akashangaa kweli. Ilibidi afikiri kwanza ili aukumbuke.

"Ule? Ule ulikuwa umekamilika," akasema. "Mimi mikono ilikuwa inatetemeka siku hiyo. Nilitaka nijue kama bado naweza kushika kisu."

Hakusema kwa kunilaumu, na hilo ndilo lililonimaliza. Akaendelea, kama mtu anayepanga jambo lililokwisha pita, "Ungekuja wakati ule, tungekuwa watatu. Na leo tungebaki wawili."

Lugano alimchukua akaenda kukaa naye Mbeya. Nilimpigia simu kila Jumapili baada ya ibada, akinitania kwamba Mbeya watu wanavaa makoti mpaka bafuni. Hakufika mavuno ya mwaka uliofuata. Walimrudisha Iringa, wakamzika kando ya mkewe. Nilisaidia kulisafisha duka, mara yangu ya pili kulisafisha, na safari hii hapakuwa na wa kunicheka. Baadaye wakaja wenye taa za bluu. Sina ugomvi nao. Kijana muuzaji ni mstaarabu, hunipa kiti.

Basi mmejua. Duka halikuuliwa na simu zenu, ingawa nimewahi kusema hivyo barazani kwa sababu ni rahisi. Halikuuliwa na walinzi wenye redio. Lilitakiwa lishikwe, na aliyeombwa alishike ni mimi.

Nimeandika haya kwa sababu ya jambo la wiki iliyopita. Jumapili, nje ya kanisa, alinisimamisha yule mwalimu wenu kijana wa sekondari, binti mwembamba anayetembea haraka. Akaniamkia vizuri, akasema shule ina timu ya shabaha, wana pinde za plastiki zilizoletwa kutoka Dar es Salaam, zimeshavunjika mbili, na wanafunzi wameuliza kama kuna mtu bado anajua kutengeneza za mti. Akasema ameambiwa nipo. Akaniuliza kama naweza kuwafundisha.

Nikafungua mdomo. Na mnisikilize vizuri, maana sikuamini masikio yangu: nikasema, "Nashukuru, mwanangu. Lakini ngoja kwanza nipumzike."

Akainama, akasema, "Sawa bibi, hakuna shida, pumzika," akaondoka zake kwa ule mwendo wake. Binti mwenye adabu. Asingerudi kuuliza tena hata miaka kumi.

Nilisimama pale nimeshika Biblia na mkoba. Alikuwa ameshafika barabarani, anapunguka. Nikaanza kumfuata. Goti la kulia likakataa, nikaliburuta. Watu wa kwaya walinitazama, mchungaji alinitazama. Nikaita, "Mwalimu!" hakusikia, upepo wa Iringa mnaujua. Nikaita tena kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa karibu na kanisa, mpaka bodaboda watatu wakageuka. Akageuka naye, akaona bibi mzima anakimbia kwa mguu mmoja na nusu, akarudi mbio akidhani kuna msiba.

"Bibi, kuna nini?"

"Ndiyo," nikasema. Pumzi ilikuwa imeisha. "Nimesema ndiyo. Ndiyo, ndiyo."